Warsha ya QGIS ya siku tano: siku ya pili ndiyo iliyolipa ada yote

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nachora ramani kwa kubahatisha. QGIS, programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, nilijifunza mwenyewe kwa video za intaneti, na kazi ilikwenda ilimradi hakuna aliyeuliza swali la pili. Aliyeuliza alikuwa bosi wangu: shamba hili lina ukubwa gani? Nikafungua jedwali la sifa, lenye taarifa za kila umbo kwenye ramani, nikamsomea nilichokikuta: 0.0000016. Akanitazama tu, hakusema neno. Wiki hiyohiyo nikajiandikisha kwenye warsha.

Siku ya kwanza sina mengi ya kuisifu. Asubuhi yote iliishia kwenye kusakinisha programu. Kila mtu alikuja na toleo lake, na wenye laptopu za ofisi hawakuwa na ruhusa ya kusakinisha chochote. Waandaaji wangetutumia kiungo cha toleo moja siku chache kabla, yasingetokea hayo. Mchana tukafundishwa tofauti ya vekta (ramani ya nukta, mistari na maumbo) na rasta (ramani ya vimraba kama picha), somo ambalo nusu ya darasa walikuwa wanalijua.

Siku ya pili mkufunzi aliingia akasema, "Leo sitaki data zangu. Nileteeni faili zenu zilizowashinda." Nikampa flashi yangu, ikawa shamba langu ndilo la kwanza kwenye projekta. Akauliza ile 0.0000016 ni ya kipimo gani. Kimya. Kumbe ni digrii za mraba! Leya yangu (tabaka la data kwenye ramani) ilikuwa kwenye EPSG:4326, yaani longitudo na latitudo, na mimi nilitumia area($geometry), ambayo hupiga hesabu kwa kipimo cha leya yenyewe bila kujali dunia ni mviringo. Akaandika $area, inayofuata umbo la dunia kama lilivyowekwa kwenye mipangilio ya mradi, na papo hapo zikatoka mita za mraba 19,700 na kitu. Pungufu kidogo ya hekta mbili. Nilitamani bosi awepo.

Halafu akanionyesha kosa kubwa zaidi. QGIS ina amri mbili ambazo kwa mgeni zinafanana: moja inabandika tu lebo ya mfumo wa koordineti (namba za kuonyesha mahali) kwenye leya, nyingine inazibadilisha namba zenyewe. Miaka yote hiyo nilikuwa nabandika lebo. Ukichukua data ya digrii ukaipa lebo ya UTM, mfumo unaopima kwa mita, digrii 30 inasomwa kuwa mita 30, na vituo vilivyotawanyika wilaya nzima vinajikusanya kwenye eneo la hatua chache. Ndiyo maana visima vyangu vilikuwa vinarundikana kama siafu kila nilipojaribu kupima umbali! Alieleza pia kwamba UTM imeigawa dunia kanda 60, kila moja digrii 6, hivyo huokoti kanda yoyote inayokujia kwenye orodha. Unatafuta ile ambamo eneo lako limo. Tulirudia zoezi hilo mara nne, kila mmoja na faili lake, na yeye akipita nyuma ya viti. Hakugusa kipanya cha mtu hata mara moja. Wakufunzi wengi hukunyang'anya kipanya, wakakufanyia, ukabaki mtupu.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuunganisha majedwali. Nilikuwa na safu mbili, idadi_ya_kaya_2019 na idadi_ya_kaya_2022. Nilipohifadhi kama shepufaili, aina ya faili la ramani linalogawanyika vipande kama .shp, .dbf na .shx, zikageuka idadi_ya_k na idadi_ya_1, kwa sababu shepufaili haikubali jina la safu lipite herufi 10. Sasa ipi ni ya mwaka gani? Tangu siku hiyo nahifadhi kwenye GeoPackage, aina nyingine ya faili la ramani. Ni faili moja tu, na humwoni tena mwenzako akikutumia .shp peke yake huku .dbf na .shx amezisahau kwake.

Lawama zangu ziko siku ya nne. Walileta mkufunzi mwingine wa picha za satelaiti, na ikawa bonyeza hapa, bonyeza pale. Tulikokotoa NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, kwa picha za satelaiti ya Sentinel-2, bendi ya 8 na ya 4, ramani ikatoka kijani inayopendeza. Lakini picha zilikuwa zimeshaandaliwa: zimekatwa tayari, hazina hata kipande cha wingu. Mtu alipouliza afanyeje picha yake ikiwa na mawingu, akajibiwa kwamba hilo ni la kozi inayofuata. Ya kulipia, bila shaka.

Ya tano ilikuwa kupanga ramani ya kuchapisha, cheti na picha ya pamoja. Ungeikosa usingepungukiwa.

Ambaye hajawahi kuifungua programu hii kabisa nadhani angeteseka siku ya pili. Aichezee walau majuma mawili kwanza. Mwenye faili linalomsumbua aende nalo. Waliokuja mikono mitupu walifanya mazoezi ya vitabuni na waliondoka na vitu vichache sana.

Walituahidi msaada wa miezi mitatu kwenye kundi la simu. Wiki ya pili niliuliza kuhusu leya mbili zisizokaa sawa, zimeachana kama mita mia hivi. Mkufunzi alisoma, hakujibu. Aliyenijibu, saa tano usiku, ni mama tuliyeketi naye meza moja, akinielekeza kwenye msingi ambao koordineti zinapimiwa: "Datamu, ndugu yangu. Angalia datamu."