TAHADHARI: Bei ya kuagiza ni moja, bei ya langoni ni nyingine

Wenzangu mnaonunua chakula kwa simu hapa Nairobi, na hasa nyinyi mnaowaagizia wazazi wenu, naomba msome hili kabla hamjalipia mzigo wa mwezi huu.

Kuna watu wanauza vyakula kupitia WhatsApp na kurasa za Facebook, wanajitangaza kwamba wanafikisha mzigo Eastlands yote kwa siku mbili. Jina la duka silitaji kwa sababu nimeshaona majina matatu tofauti yenye picha zilezile za magunia ya mchele na orodha ileile ya bei. Mkiliogopa jina moja watakuja na jingine. Ushikeni mtindo wao, maana huo haubadiliki: wanakupa bei nafuu, unalipa yote kabla, halafu mzigo ukifika langoni anayepokea anaambiwa bei imepanda na hapewi kitu mpaka aongeze. Na mzigo wanaoupenda zaidi ni ule unaoenda kwa mtu ambaye siye aliyelipa.

Mama yangu anaishi Umoja Two, mimi nakaa Kitengela. Tangu magoti yaanze kumsumbua, mimi ndiye ninayemnunulia vitu vya mwezi ili asibebe mifuko kutoka stejini. Alhamisi tarehe 4, jioni, niliagiza unga wa mahindi pakiti nne za kilo mbili, mchele wa pishori kilo tano, sukari kilo mbili, mafuta ya kupikia lita tatu, maharagwe ya nyayo kilo tatu, ndengu kilo mbili, maziwa pakiti kumi na mbili, trei moja ya mayai na majani chai gramu 500. Niliandikiwa hesabu kitu kwa kitu: bidhaa shilingi 4,830, kupelekewa 200, jumla 5,030. Nikauliza, "Hii ndiyo bei ya mwisho?" Nikajibiwa, "Ndiyo dada, lipa tu tukupangie mzigo." Nikalipa kwa nambari ya tili, ujumbe wa M-Pesa ukaingia, nikampigia mama nikamwambia Jumamosi asitoke.

Jumamosi mimi nilikuwa mazishini Machakos, simu nimeizima. Kijana wa boda alifika kwa mama kama saa tano. Mizigo ikiwa bado imefungwa kwenye pikipiki, akatoa karatasi akamwambia, "Shosho, hii iko na balansi ya 830." Mama akanipigia mara tatu, hakunipata. Akamwomba kijana ashushe vitu, yeye angezungumza nami jioni. Kijana akasema hawezi, ameagizwa asishushe kitu kabla pesa hazijaingia, na akirudi na mzigo hautaletwa tena. Majirani wako kwenye ngazi, wanasikiliza. Mama akatoa simu yake, akatuma 830 kwa nambari iliyoandikwa chini ya ile karatasi. Zilikuwa pesa za dawa zake za presha.

Jioni nilipompigia kumuuliza kama mzigo umefika, akasema umefika, asante. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kama huko mambo ni magumu si ungeniambia? Ningekula kidogo."

Alidhani nimelipa nusu. Alikaa siku nzima akiamini kwamba mtoto wake amekwama na anaona haya kusema. Hizo 830 nimeshamrudishia, lakini ile siku moja ya mawazo hakuna wa kumrudishia, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Jumapili nilikwenda Umoja, nikaiona karatasi yenyewe. Mafuta ya lita tatu yalikuwa yametoka 880 yakawa 1,080. Mchele ulitoka 190 kwa kilo ukawa 230, kwa hiyo kilo tano zikaongezeka 200. Unga umetoka 155 hadi 175 kwa pakiti, sukari kilo zote mbili 290 hadi 340, mayai 400 hadi 450. Kupelekewa kumetoka 200 hadi 350, na pembeni pameandikwa "petroli imepanda". Halafu kuna mstari ulioongezwa kwa kalamu: ada ya kufungasha, shilingi 100. Jumlisha nyongeza zote, unapata 830 kamili. Hesabu iko sawa kabisa, wala hawakukosea. Maharagwe, ndengu, maziwa na majani chai hawakuyagusa, na nafikiri hilo ni la makusudi, kwa sababu karatasi yenye vitu vilivyopanda na vingine visivyopanda inaonekana ya kweli.

Lile la petroli ndilo lililonifumbua macho kwanza. Bei za mafuta ya magari hapa kwetu hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, zinaanza kutumika usiku wa kuamkia tarehe 15. Mimi niliagiza tarehe 4, mzigo ukafika tarehe 6. Katikati ya siku hizo mbili hakuna bei ya petroli iliyobadilika kwenye kituo chochote.

Nikatoka nikaingia supamaketi iliyo karibu na kwa mama, kisha duka la rejareja la chini ya ploti. Mafuta yaleyale ya lita tatu, chapa ileile, supamaketi yalikuwa 925 na dukani 940. Kwa hiyo ile 880 ya kwanza ilikuwa chambo, na ile 1,080 ya langoni ilizidi hata duka ambalo mama angeweza kumtuma mtoto wa jirani. Usiku huo nikachukua simu ya ndugu yangu, nikawaandikia kama mteja mpya: mafuta ya lita tatu ni ngapi? Wakajibu, "880, bado yapo, tukuwekee ngapi?" Bei waliyomwambia mama Jumamosi kwamba imepita, Jumapili bado walikuwa wanamtangazia mtu mwingine. Mkitaka kujua kama bei imepanda kweli au mnapigwa, fanyeni hivyo. Ulizeni tena kwa nambari nyingine.

Nilipowaandikia kwa nambari yangu, nilipata majibu matatu kwa zamu. Kwanza, bei za mtandaoni ni makadirio. Nikawatumia picha ya ujumbe wao wenyewe, "Ndiyo dada." Pili, orodha ilikuwa haijasasishwa. Nikawatumia picha ya jibu walilompa ndugu yangu. Tatu, "Mama alikubali mwenyewe, hakulazimishwa." Baada ya hapo wakanifungia. Tulijaribu pia kupeleka ujumbe wa M-Pesa wa mama kwa 456, nambari ya Safaricom, ili pesa zirudishwe, lakini aliyezipokea alikuwa ameshazitoa.

Jumatatu kazini nilipoeleza, wawili wakasema nao yamewakuta. Mmoja anakaa Pipeline, ghorofa ya tano, na yeye aliongezewa "ada ya ngazi" shilingi 150 wakati kijana ameshafika mlango wa chini. Wa pili, wa Roysambu, bei haikubadilika hata senti, ila mafuta ya lita tatu yalikuja lita mbili na unga ukaja pakiti moja pungufu. Hiyo nayo ni kupandisha bei, isipokuwa hii huioni mpaka uanze kupanga vitu jikoni. Yeye alikuwa ametuma mzigo kwa dada yake aliyejifungua. Tulipolinganisha, sote watatu tulikuwa tumelipa kwa tili yenye jina la biashara, na mimi na wa Pipeline nyongeza ilikwenda kwa nambari ya mtu binafsi. Majina ya wapokeaji yalikuwa tofauti.

Kuhusu kijana wa boda, tafadhali msimgombeze. Nilimpata kwa nambari aliyompigia mama, akazungumza nami kwa heshima. Anapewa karatasi na mzigo, anaambiwa asiposhika nyongeza safari hailipwi. Yeye mwenyewe hajui mteja alilipa ngapi mwanzoni. Wamemweka mbele kwa sababu wanajua ni vigumu kumkatalia kijana aliyesimama juani na mzigo wako.

Nisieleweke vibaya, bei hupanda kweli. Kreti ya nyanya pale Marikiti inaweza kuwa na bei moja alfajiri na nyingine saa nne, mvua ikiziba barabara hata sukuma wiki inaruka. Nyama ukiagiza kilo, kisu kinaweza kutoa kilo na robo. Mama mboga wangu wa Kitengela huniletea vitu karibu kila wiki, na bei zake hubadilika kuliko za mtu yeyote. Lakini yeye hunipigia akiwa bado sokoni: "Hoho leo ni mbaya, nikuwekee mbili au niache?" Ananiachia mimi niamue, na pesa zangu bado ziko mfukoni mwangu. Muuzaji mwaminifu anakwambia kabla mzigo haujatoka na anakupa nafasi ya kusema hapana. Tena mafuta ya chupa, sukari ya pakiti na unga si nyanya. Havibadilishi bei kati ya Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi.

Tangu siku hiyo, sisi nyumbani tumekubaliana hivi. Mzigo wowote utakaofika kwa mama, hatoi hata shilingi. Akiambiwa kuna balansi, anasema, "Mpigie aliyeagiza," na nisiposhika simu, mzigo urudi. Hili lisemeni kwa wazazi wenu kwa sauti, mapema, na muwaambie waziwazi kwamba mmelipa yote, ili wasije wakaona haya langoni mbele ya majirani. Pia namtumia picha ya orodha na jumla, na soja wa ploti yao anaijua. Kama duka haliwezi kukubali kulipwa mzigo ukishafunguliwa, angalau mara ya kwanza, siagizi kwake. Na nyongeza ikija, hata iwe ya haki, ilipwe kwa tili ileile ya mwanzo, isiende kwa nambari ya mtu.

Picha za mazungumzo mzipige siku hiyohiyo. Mimi waliponifungia, ujumbe mmoja walikuwa wameshaufuta upande wao, na bila picha ningebaki na maneno matupu.

Kuna wanaosema 830 ni pesa kidogo, achana nayo. Nadhani ndiyo sababu wanaongeza kiasi hicho, kikubwa cha kuwafaa wao na kidogo cha kukufanya uone aibu kulalamika. Katiba yetu, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu anachonunua na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro za bidhaa au huduma. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu mikataba ya kwenye intaneti: muuzaji anapaswa kukueleza mambo yanayotakiwa kabla, na kukupa nafasi ya kukubali au kukataa. Kukataa huko hakuwezi kuwa langoni, pesa zako zikiwa zimeshaliwa.

Mamlaka ya Ushindani, CAK, hupokea malalamiko ya wanunuzi, na imewahi kuchukua hatua kwa mambo ya bei. Machi 2020, korona ilipoanza, iliamuru supamaketi moja iwarudishie pesa wateja waliouziwa dawa ya kutakasa mikono kwa bei iliyopandishwa. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ingawa kwangu hiyo itakuwa hatua ya baadaye.

Malalamiko yangu nimeyapeleka CAK Jumanne, yakiwa na ile karatasi, picha za mazungumzo, ujumbe wa M-Pesa wangu na wa mama, na nambari zote mbili, ya tili na ile ya chini ya karatasi. Wale wawili wa kazini wanaandika yao wiki hii. Yeyote aliyewahi kupewa karatasi yenye mstari wa "ada ya kufungasha 100" au "ada ya ngazi" ulioongezwa kwa kalamu, asiitupe. Aipige picha pande zote mbili, nambari ya chini ionekane vizuri, aandike tarehe na mtaa, na apeleke lalamiko lake mwenyewe. Anitumie na mimi nakala, kwa sababu ninataka kujua ni nambari ngapi za watu zinazopokea hizi pesa. Mpaka sasa nimefikisha mbili.