Hita ya gari: kuiruka au kuisafisha?

Hita ikiharibika huku kwetu Unguja watu wanaona si kitu, nani anataka joto na jua hili, lakini ile ni rejeta ndogo nyuma ya dashibodi na maji ya injini yanapita humo humo, ikitoboka kapeti linarowa, kioo kinajaa ukungu na maji yakipungua injini inachemka.

Kuiruka ni hivi, unachomoa mipira miwili inayoingia kwenye hita unaiunganisha kwa kipande cha paipu na klipu, maji yanazunguka bila kupita humo. Kama imetoboka mie nachagua hii, tena haraka. Ila usizibe tu ile mipira, kuna injini zinataka yale maji yazunguke.

Kuisafisha ni kwa hita isiyovuja ila imeziba kwa kutu, pitisha maji taratibu kwa upande yanakotokea mpaka yatoke masafi. Jamani msitie maji ya kisima cha chumvi, yanakula chuma! Na njia yoyote, injini iwe imepoa kwanza.

Ukishairuka, masika kioo kikifanya ukungu washa AC, inakausha hewa.