Hema lipi ununue kwa kambi yako ya kwanza

Mwezi wa Aprili nililala Lushoto na wapwa zangu wawili ndani ya hema jipya la kujikunjua, lile unalolitoa kwenye mfuko likafumuka lenyewe kama mwavuli. Mvua ya masika ilipokolea saa nane usiku, paa halikuvuja hata tone. Maji yalitoka kwetu wenyewe. Pumzi za watu watatu ziligonga kitambaa baridi, zikageuka matone, matone yakatiririka mpaka kwenye blanketi. Kufika alfajiri mdogo alikuwa anagonganisha meno kwa baridi. Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri wa hema, swali langu la kwanza ni hili: lina tabaka ngapi?

Hema zuri ni mahema mawili. La ndani ni la wavu au kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, la nje ni la kuzuia maji, na katikati pana nafasi. Unyevu wa pumzi hupenya wavu, hunasa kwenye kitambaa cha nje na kuteremka mbali na godoro lako. Hakikisha kitambaa hicho cha nje kinashuka hadi karibu na ardhi. Kikiishia juu kama kofia, mvua ya upepo itakuingilia ubavuni.

Nafasi ya kwanza: mtumba wa tabaka mbili wenye fito za alumini

Hili ndilo chaguo langu, na nalitetea hata mbele ya jamaa wasiopenda mitumba. Toi na Gikomba kule Nairobi, au Memorial pale Moshi, ukiwa na subira utakutana na mahema yaliyoshonwa kwa ajili ya mvua na upepo wa Ulaya. Muuzaji mara nyingi huyapanga pamoja na mabegi, kwa hiyo uliza, usingoje kuyaona yametundikwa.

Usilipe kabla ya kulisimamisha lote. Muuzaji akikataa, ondoka. Hesabu fito na uzipitishe mkononi moja moja: ya alumini iliyopinda kidogo hunyooshwa, lakini ya fiberglasi iliyochanika nyuzi itakatika usiku wa upepo. Fungua na kufunga kila zipu mara tatu. Ingia ndani, mwombe mtu afunge mlango, utazame juu. Tundu lolote litakuonyesha jua. Kisha pitisha kiganja upande wa ndani wa kitambaa cha nje. Ukikuta kinanata na kinatoa harufu kama ya mkojo, ule utando wa kuzuia maji umeshaoza kwa sababu hema lilikunjwa likiwa bichi. Hapo hakuna fundi atakayekusaidia, hata ukipunguziwa bei namna gani. Angalia pia utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukibanduka sehemu moja ndogo unarekebishika. Ukibanduka kote, acha.

Nafasi ya pili: jipya la tabaka mbili, fito za fiberglasi

Haya ndiyo yaliyojaa kwenye maduka ya michezo na supamaketi kubwa. Kwa familia inayokwenda kambi mara mbili kwa mwaka yanatosha kabisa, ila soma lebo. Namba kama 3000 mm maana yake kitambaa kilihimili maji ya kimo cha mita 3 kabla ya kuanza kupenyeza. Kitambaa cha juu nataka kisipungue 1500, sakafu 3000, kwa kuwa goti na kiwiko hukandamiza maji yapite. Lebo isiyo na namba yoyote huwa nairudisha rafuni.

Na wakikuandikia "watu 3", elewa ni watu watatu waliobanana bega kwa bega bila begi hata moja. Mke, mume na mtoto wanunue la watu wanne.

Nafasi ya tatu: turubai la pamba

Mafundi wa Arusha na Nairobi wanaoshonea kambi za watalii hutengeneza mahema ya turubai yatakayokaa miaka na miaka. Ndani hakuna joto la kukaba mchana, na upepo haulipigishi kelele. Likilowa, nyuzi za pamba huvimba na kuziba vitundu vyake zenyewe, ndiyo maana jipya hulowanishwa na kukaushwa nyumbani kwanza. Lakini ni zito, linataka gari na watu wa kusaidiana. Kwa shule, kanisa au kikundi cha vijana ningelipandisha hadi namba moja.

Nafasi ya mwisho naliachia hema la kujikunjua la tabaka moja. Linafaa ufukweni mchana, watoto wapate kivuli. Usilale nalo milimani.

Kama hujawahi kulala nje hata usiku mmoja, kodi kwanza. Kambi moja ya kukodi itakufundisha unahitaji ukubwa gani kuliko maelezo yangu yote.

Ukishanunua, lisimamishe uani na ulimwagie ndoo kadhaa za maji kabla ya safari. Rudia kulisimamisha mpaka uweze gizani. Ukifika kambini tafuta palipoinuka kidogo. Epuka korongo hata kama ni kavu, na usikae chini ya tawi lililokufa. Kandokando ya Ziwa Naivasha viboko hutoka majini usiku kulisha, kwa hiyo usilale kwenye njia yao. Plastiki unayotandika chini ya hema ikunje isichomoze nje ya sakafu, la sivyo itakinga mvua na kukuletea dimbwi mgongoni. Chakula kisilale nawe hemani.

Vile vigingi vya waya vinavyokuja na hema hupinda kwenye udongo mkavu wa kiangazi. Pita duka la vifaa vya ujenzi ununue misumari ya inchi 6, kumi na miwili hivi, uigongee kwa kuinamisha kichwa kiwe mbali na hema. Ifunge kitambaa chekundu kila mmoja, isikuchome mguu wala isisahaulike majanini asubuhi.