Karata za vitendawili vya minara ya ndege: mafumbo matamu, ramani ya kutupa

Katika pakiti hii inayouzwa Dodoma mjini, majibu ni vifupisho vya minara ya redio inayoongoza ndege. Anza na kadi ya LAM: "Mwanakondoo wa Kiingereza kakatwa mkia, kalala kaskazini-mashariki mwa London." Lamb bila b, mnara wa Lambourne. Herufi zikikupoteza, jiografia inakurudisha. OCK nayo tamu: sock imekatwa kichwa, kusini-magharibi mwa jiji hilohilo, Ockham. BIG, mnara wa Biggin, ni ya bure, wapewe watoto.

Kasoro ni kwamba kila kitu humu kinaitwa mnara. BARBQ na RIBBS, zilizo kwenye njia za ndege za Kansas City, mji unaosifika kwa nyama choma, hazina mnara wala nguzo. Ni nukta za kwenye ramani tu. Kwa hiyo hesabu visanduku vya herufi za jibu kabla ya kukisia: viwili au vitatu ni mnara, vinne ni uwanja, vitano ni nukta. Mtego uko kwenye DOD. Ina herufi tatu, lakini hiyo ndiyo lebo inayobandikwa kwenye begi la anayekuja Dodoma. Kwa marubani uwanja wetu ni HTDO. HT ni ya Tanzania, HK ya Kenya.

Ramani iliyomo imechorwa kwa kilomita, ilhali kadi zinataja maili za baharini. Maili 20 ni kilomita 37. Ukipima 20 kwa rula unaangukia kilomita 17 nje ya jibu, kisha ugomvi unaanza. Radiali, yaani mstari wa mwelekeo kwa digrii, nayo huhesabiwa kutoka mnarani kwenda nje, kwa kaskazini ya dira: 090 maana yake uko mashariki mwa mnara. Wengi huigeuza. Afadhali ufungue tovuti ya SkyVector, ina ramani za anga bila malipo na hupima kwa maili za baharini.

Nyuma ya kadi kuna nukta na vistari vya Morse, sahihi kabisa, pamoja na masafa ya redio. Minara ya VOR, aina hii ya kuongoza ndege kwa radiali, iko kati ya 108 na 117.95 MHz, kwa hiyo kadi iliyochapwa 98.4 ni kosa. Hapo utasikia taarabu.

Bei ni shilingi 15,000, inalipika. Aliyeshindwa atoe mji, kama kwenye vitendawili vyote, ila sharti uwe wa Dodoma au Singida na usirudiwe. Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Manyoni zikishatoka, kagueni: watu huanza kubuni vijiji.