Vyuma vya kupandia miti: Zigzag, Rope Wrench na Akimbo, kipi uchukue kipi uache

Wakuu salama. Naulizwa sana kuhusu hivi vyuma vya kwenye kamba, hasa na vijana wanaokata miti kwenye mahoteli na majumba ya watu huku Arusha na Moshi, wanaona video jamaa wa Ulaya anapanda mti kama anapanda ngazi halafu wanataka kujua kile kidude kinaitwaje na bei gani. Karibu vyote nitakavyovitaja nimevitumia, vingine vyangu vingine vya kuazima, na jibu langu nalitoa mapema kabisa ili asiyetaka kusoma yote aondoke nalo: kama hela yako inatosha kitu kimoja tu chukua Rope Wrench na kamba nzuri za prusiki (yaani zile kamba fupi nyembamba unazozifunga fundo kwenye kamba kubwa, ukilikalia linabana, ukilisukuma linateleza), hivyo vingine ni raha tu ukiwa umeshajipata.

Ila kabla ya chuma chochote angalia kwanza kamba uliyonayo, maana hapa ndo hela za watu zinapotea. Zigzag ya kampuni ya Petzl imetengenezwa kwa kamba ya milimita 11.5 mpaka 13. Sasa wewe una kamba ya milimita 10 umenunua kwa mgeni aliyemaliza safari yake ya mlimani, ukiiweka humo hujui itashika saa ngapi na itaachia saa ngapi. Tena hizo za kupandia majabali nyingi ni dainamiki, zinavutika makusudi ili mtu akidondoka asiumie, kwenye mti ni mateso, unakanyaga unajivuta na uko palepale, jasho lote linaishia kwenye kamba. Ya miti ni ile isiyovutika sana, ukiona imeandikwa EN 1891 aina A, hicho ni kiwango cha Ulaya cha kamba hizo, ujue kamba yenyewe inatakiwa ihimili angalau kilonyutoni 22, yaani zaidi ya tani mbili. Manila ya hadwea sahau. Na katani msianze, najua Tanga ni nyumbani, ila katani ni ya kufungia mzigo, inanyonya maji inaoza kwa ndani huku nje inakuchekea.

Grigri naiongelea kwa kifupi kwa sababu ndo inayopatikana kirahisi mitaani. Ipo tangu 1991, ni kifaa kizuri sana kwa kazi yake ambayo ni kumshikilia mwenzio anayepanda jabali, na hizi za sasa zinapokea kamba ya milimita 8.5 hadi 11 tu. Kushuka nayo ni sawa. Shida inakuja ukiwa juu unahamahama matawini, kila ukisogea kuna kamba inalegea na inabidi uivute kwa mikono miwili huku msumeno unaning'inia kiunoni, mpaka saa sita mchana mabega yamekwisha. Na ile nane, kile chuma cha umbo la namba 8, kinashusha vizuri lakini ukiachia mkono hakishiki chochote, hicho mwachie mtu wa chini.

Haya, sasa njia za kupanda, maana chuma kinachaguliwa kwa njia unayopandia wala siyo kwa jina la kampuni. Njia ya kwanza ni kamba inayozunguka, unaipitisha juu ya tawi, ncha moja kwenye hanesi yako, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, upande wa pili kuna prusiki au chuma, ukivuta kamba inatembea juu ya tawi. Uzito wako unagawanyika pande mbili kwa hiyo prusiki inabeba kama nusu tu. Inafaa sana ukiwa ndani ya mti unafanya kazi, ni tamu, lakini inasugua gome na inakula urefu, kamba ya mita 60 inakufikisha mita 30 kwa shida. Njia ya pili ni kamba iliyotulia, imefungwa haitembei, wewe ndo unaipanda kwa miguu ukiwa na kishikio cha mguuni na cha gotini. Kamba ile ile ya mita 60 ikifungiwa juu kwenye tawi unapanda karibu yote. Kwa miti ya uani haina tofauti kubwa, ila mkipata kazi ya kukusanya mbegu kwenye miti mirefu ya msituni ndo mtanielewa. Mkukusu wa kule Kilimanjaro uliotangazwa 2016 kuwa mti mrefu kuliko yote Afrika una mita 81.5, huo kwa kamba ya kuzunguka ungehitaji zaidi ya mita 160 za kamba, nani anabeba?

Ubaya wa kamba iliyotulia ni kwamba uzito wako wote unakaa kwenye mstari mmoja, na prusiki peke yake hapo inabana mpaka haifunguki, au ukiilazimisha inaachia ghafla na kuungua. Ndo Rope Wrench ilipozaliwa. Aliyebuni ni Mmarekani anaitwa Kevin Bingham, na kampuni ya ISC ya Wales ndo inaitengeneza. Ni kitu kidogo tu, kinakaa juu ya prusiki, kimeunganishwa na wewe kwa mkanda mfupi mgumu, ukikalia uzito kinainama na kuipinda kamba, ule upinde unakula sehemu ya mzigo na prusiki inabaki na mzigo inaoumudu. Ukianza kupanda kinanyooka, kamba inapita. Hakuna springi wala gia. Mtu akikuuzia ule mkanda laini badala ya mgumu mkatalie, ukiwa laini chuma kinalala na prusiki inakula kamba vibaya.

Kwa nini nakipenda kwa mazingira yetu? Kwa sababu kinachoisha ni kamba ya prusiki. Vumbi la huku linasaga kila kitu, utomvu wa paini unaganda kwenye kamba, mkaratusi nao una mambo yake, na mwisho wa siku kinacholika ni kakamba ka milimita 8 au 10 ambako unakabadilisha mwenyewe kwa makumi ya dola, wakati chuma kikilika unaagiza kipya kizima kwa mamia ya dola na ushuru juu na mzigo unakaa bandarini. Kakamba kenyewe kawe na aramidi kwa nje, haiyeyuki kirahisi kama nailoni ukishuka kwa kasi, na ujue kufunga VT au Distel, ambayo ni majina ya mafundo ya prusiki, vizuri siyo kukisia. Weka na puli ndogo chini ya prusiki, ile Hitch Climber ya kampuni ya DMM ni nzuri mno, inasukuma prusiki yenyewe ukipanda. Na mlishike hili, Rope Wrench haikushikilii, inasaidia tu. Uhai wako uko kwenye ile prusiki, kwa hiyo ukiona imeanza kutoa nywele usiseme nitamalizia wiki.

Kasoro zake zipo. Mvua ikinyesha prusiki inabadilika tabia, asubuhi inateleza mchana inang'ang'ania, na kila ukifunga mpya inataka muda mpaka izoeane na kamba. Mtu ambaye hana subira itamkera.

Zigzag sasa. Jamani Zigzag ni tamu, sitaki kuwa mnafiki. Ni prusiki ya chuma, viungo vimepangwa kama mnyororo, ukibonyeza kwa juu unashuka taratibu kabisa kwa vidole viwili, ukiachia umesimama, na leo kesho mvua jua tabia ni ile ile. Kwenye kamba inayozunguka mimi sijaona kinachoishinda kwa kutembea kwenye matawi ya pembeni, unatoka mpaka nchani kwenye mjakaranda mpana na kurudi bila kuhangaika na kamba iliyolegea. Lakini. Huwezi kuiweka katikati ya kamba, lazima uingize kutoka nchani. Kwenye kamba moja iliyotulia hairuhusiwi peke yake, inabidi ununue na Chicane juu yake, chuma kingine hela nyingine. Na vumbi likichanganyika na utomvu katikati ya vile viungo inaanza kuwa nzito, unaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, siyo petroli, kamba na petroli haviendani hata kidogo, na wala usibebe kamba pikapu moja na betri ya gari.

Wanaonunua mtumba kutoka Ulaya wasikilize hapa. Mwaka 2013 Petzl wenyewe waliwaambia watu waache kutumia Zigzag zote za toleo la kwanza na kuzirudisha baada ya nyufa kuonekana kwenye viungo, wakaisanifu upya. Kwa hiyo mtu akikuletea ya zamani sana kwa bei ya kutupa, soma namba na mwaka wake, na kama vimefutika muage kwa amani.

Akimbo ya kampuni ya Rock Exotica, wale wa Utah Marekani, nimeipanda ya kuazima. Inafunguka kama kitabu, unaivisha katikati ya kamba popote, inafanya njia zote mbili bila kuongeza kitu, na haina prusiki kabisa. Kwenye makaratasi ndo mshindi. Ila ina sehemu mbili za kurekebisha mkazo na hapo ndo ugomvi, ukiongezeka uzito wa msumeno unarekebisha, ukibadili kamba unarekebisha, kamba mpya yenye utelezi inaanza kukushusha polepole wakati umekaa unawaza mambo mengine. Ukishaiweka sawa na kamba yako moja unayoijua, ni burudani. Rope Runner, chuma kingine cha huyo huyo Bingham aliyebuni Rope Wrench, iko kwenye kundi hilo hilo, na mimi kati ya hizo mbili ningechukua Akimbo, sina sababu kubwa, mkono wangu umeizoea haraka.

Kitu kimoja ambacho wauzaji hawakitaji: prusiki, Zigzag na Akimbo vyote ukivikamata kwa juu na kuvuta chini vinakushusha, na mtu akishtuka mkono wake wa kwanza unakamata nini? Kile kile chuma. Kwa hiyo ukiwasha msumeno juu hakikisha una kishikio cha pili, ile kamba fupi ya kiunoni imezunguka shina au tawi lingine zima. Na wanaopitisha kamba juu ya tawi halafu wanaifungia chini kwenye shina, ni sawa na ina faida kwamba wa chini anaweza kukushusha ukizidiwa kama mmeipanga hivyo, ila kumbukeni tawi la juu hapo linabeba karibu mara mbili ya uzito wako, mgrevilea wenye tawi la kuliwa na mchwa usijaribu.

Feki zimejaa mitandaoni, zinafanana na Zigzag mpaka rangi. Angalia alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, yenye namba nne nyuma yake, namba ya kifaa chenyewe iliyochongwa, na kijitabu cha maelezo. Bei ikiwa robo ya wengine wote hiyo siyo ofa.

Agizo langu kwa anayeanza ni hili: mita 45 za kamba ya milimita 11.7 au 12, Rope Wrench na mkanda wake mgumu, puli, prusiki tatu za akiba, kishikio cha mguuni. Cha gotini unaweza kukisubirisha mpaka malipo ya kazi ya kwanza. Karabina, zile pete za chuma za kuunganishia, ziwe za kujifunga zenyewe za hatua tatu, na kama unatuma kwa mtu anayekuja na begi mwambie asitoe kijitabu ili kupunguza uzito, maana nimeshaona mtu anafanya hivyo.