Swichi ya manejidi: kabla ya kuuliza bei, uliza umeme ukirudi inafanyaje

Wasomaji wananiandikia kilio kilekile. Swichi ya manejidi (kiboksi cha kuunganisha waya za mtandao, ambacho unaweza kukisanidi) ni mpya, VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) zimepangwa, fundi kalipwa kaondoka. Usiku umeme unakatika, alfajiri unarudi, na asubuhi ukurasa wa kusimamia swichi haufunguki. Intaneti ipo, printa inafanya kazi, ila swichi yenyewe huioni popote.

Kwa hiyo idadi ya poti na kasi ya giga sitazigusa, zimeandikwa kwenye boksi. Nina swali moja tu.

Nyingi ya swichi hizi huomba anwani ya IP (namba ya kuzifikia kwenye mtandao) kwa DHCP, yaani zinagawiwa na rauta, kama simu inavyoomba ikiingia kwenye waifai. Umeme ukirudi, vifaa vyote vinawaka kwa mpigo. Swichi ndogo inaweza kuwa tayari wakati rauta bado inajikongoja. Inaita, haijibiwi, inajivika anwani ya kiwandani. Sasa je, ikishaivaa inaendelea kuita, au inaganda hapo mpaka mtu aje kuichomoa?

1. MikroTik CSS326-24G-2S+RM. Hii naipendelea na sifichi. Kwenye mfumo wake wa SwOS unaweza kuchagua itafute seva ya DHCP, yaani kifaa kinachogawa anwani (kwa kawaida rauta), kwa sekunde 10. Ikikosa, inatumia anwani uliyoiandika wewe (usipoigusa ni 192.168.88.1), na seva ikijitokeza baadaye inahamia anwani itakayopewa. Yaani hata anwani ya dharura unaipanga mwenyewe, na unajua pa kuitafuta. Unaamua pia ukurasa wake ufunguke kutoka VLAN ipi na poti zipi. Zaidi ya hapo, ukiiambia poti inayokwenda kwenye rauta ndiyo ya kuaminika, mfanyakazi akichomeka karauta kake ka nyumbani kwenye soketi ya ofisi, majibu ya DHCP ya hako karauta yanaishia hapohapo. Ubaya wake ni kwamba ukurasa ni wa HTTP tupu, hakuna HTTPS ya kuficha mawasiliano. Ufungie kwenye VLAN ya peke yake.

2. Cisco Catalyst 1200 na 1300, au CBS250 na CBS350 zilizotangulia ukizikuta dukani. Anwani ya kiwandani ni 192.168.1.254, na ikiwekwa kwenye DHCP inaendelea kuomba mpaka ipewe. Ninachokipenda zaidi ni taa ya mfumo: inapepesa ikiwa bado iko kwenye anwani ya kiwandani, inatulia ikishapata nyingine. Mlinzi wa zamu anaweza kukusomea taa hiyo kwa simu, wewe uko kitandani. Bei yake ndiyo inayoishusha hapa, maana jina la Cisco unalilipia.

3. Ubiquiti UniFi. Ikikosa DHCP inakaa 192.168.1.20. Inapendeza, lakini mipangilio yake inapitia programu ya UniFi. Kama ofisi tayari inayo, chukua. Kama haina, unanunua swichi pamoja na kazi ya kuitunza hiyo programu.

4. D-Link DGS-1210. Inatoka kiwandani na 10.90.90.90 na inabaki nayo mpaka uibadilishe. Siku ya kwanza itabidi laptopu uipe anwani ya familia hiyo kwa mkono, baada ya hapo hakuna cha kushtukiza.

Za bei ya chini ni Netgear GS308E (192.168.0.239) na TP-Link TL-SG108E (192.168.0.1). Nyumbani zinatosha. Ila hiyo 192.168.0.1 ndiyo anwani ya rauta nyingi pia. Kompyuta ikiuliza nani mwenye 192.168.0.1, wakajibu wawili, safari za intaneti zinaweza kuishia kwenye swichi. Iandikie anwani ya kudumu siku ileile unayoifungua, nje ya fungu linalogawiwa na rauta.

Na hapa ndipo wauzaji wanaponikera. TL-SG108 na TL-SG108E zinatofautiana kwa herufi moja, GS308 na GS308E vilevile. Isiyo na E haina ukurasa, haina VLAN za kupanga, haina chochote cha kusanidi. Uliza Kariakoo utaambiwa, "Ni ileile tu dada, hiyo E ni toleo." Soma kibandiko cha chini ya swichi yenyewe, usitosheke na boksi, maana boksi na kilichomo si lazima viwe vimetoka kiwandani pamoja.

Kisha omba wakuwashie bila rauta, ngoja dakika moja, halafu chomeka rauta uone kama inachukua anwani mpya. Muuzaji mmoja aliniambia hawafungui boksi kwa ajili ya "kujaribu-jaribu", na bei yenyewe alikuwa ameiandika mtandaoni kwa maneno matatu: njoo inbox, mpendwa.