Gereji ya Chini ya Mwembe, Tabata: Corolla Iliyobonyea Pua na Shilingi 350,000

Gereji ninayoieleza hapa haina bango wala jina lililoandikwa popote. Ipo Tabata, jijini Dar es Salaam, kwenye kiwanja chenye mwembe mmoja mkubwa, kontena la kuhifadhia vifaa na magari kama kumi, mengine yakiwa yamekaa muda mrefu kiasi kwamba kuku wamepata mahali pa kutagia. Nilipeleka huko Toyota Corolla 110 ya mwaka 1999, baada ya gereji moja kubwa yenye ofisi na kiyoyozi kunikadiria shilingi 1,350,000, kiasi kilichozidi robo ya bei ambayo ningeipata kama ningeuuza mkweche wenyewe. Chini ya mwembe nilimaliza kwa shilingi 350,000. Ufundi wa pale ni wa bei ya chini, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na fundi kujua kipi kibadilishwe, kipi kinyooshwe na kipi kiachwe kama kilivyo.

Ajali yenyewe ilikuwa ya foleni. Asubuhi, katika Barabara ya Mandela, bajaji ilikatiza mbele ya kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, dereva wa kirikuu akafunga breki, nami nilikuwa nimemkaribia mno. Kosa lilikuwa langu. Bomba la chuma lililochomelewa nyuma ya kirikuu lilipita juu ya bampa yangu, likakunja boneti, likavunja taa ya kushoto na kusukuma ndani chuma cha juu kinachoshikilia rejeta. Kirikuu kilivunjika taa moja ya nyuma tu. Nilikuwa na bima ya mtu wa tatu, ile ya shilingi 118,000 kwa mwaka, ambayo humlinda uliyemgonga na hailipi hata nati moja ya gari lako. Ili bima imlipe mwenzangu, tungehitaji ripoti ya polisi na siku kadhaa za kufuatilia. “Dada, kwa taa hii tusipotezeane siku,” alisema, na nikaona ana haki. Nilimlipa shilingi 35,000, tukaandikiana kwenye karatasi yenye namba za magari yote mawili na saini zetu, kila mmoja akapiga picha. Kama kungekuwa na mtu aliyelalamika hata maumivu ya shingo, nisingekubali njia hiyo, kwa sababu hapo panahitajika polisi na fomu ya PF3, ile ya polisi kwa mtu aliyeumia, kabla ya mazungumzo yoyote ya fedha.

Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini fundi mkuu ni kwamba hakuigusa bodi siku ile. Alijaza maji kwenye rejeta, akawasha injini na kuiacha iungurume kwa zaidi ya nusu saa huku akimulika tochi kwenye mipira, kwenye matangi ya plastiki ya rejeta na kwenye kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Alisubiri hadi feni ya umeme ilipojiwasha na kujizima mara mbili. Maelezo yake yalikuwa mafupi: injini ya Corolla hii ina bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu, na ikichemka kwa sababu ya ufa mdogo ambao hakuna aliyeuona, hedi hupinda, na gharama yake huifanya boneti iliyokunjika ionekane mchezo. Kule kwenye gereji yenye kiyoyozi nilikadiriwa rejeta mpya bila mtu yeyote kuwasha injini. Rejeta yangu ilikuwa nzima, na hadi leo ndiyo hiyo hiyo.

Kisha alichukua tepu, akapima kutoka kona moja ya chumba cha injini hadi kona ya upande wa pili, akarudia kwa kupishanisha. Vipimo vilipolingana, alisema chasisi haijapinda, na kwamba kilichorudi nyuma ni chuma cha juu peke yake. Chuma hicho kilivutwa kwa mnyororo uliofungwa kwenye shina la mwembe, kidogo kidogo, huku kijana mmoja akigonga pembeni kwa nyundo na kipande cha mbao. Palipochanika pakachomelewa, na kabla ya kuchomelea walichomoa nyaya za betri, tahadhari ambayo nimewahi kuona ikisahauliwa katika gereji za bei kubwa zaidi. Hata hivyo, niseme wazi kwamba mti na mnyororo vinatosha kwa kazi ya kiwango hiki tu. Gari ambalo vipimo vyake havilingani, au linalovuta upande mmoja baada ya kugongwa, nisingelipeleka pale, na fundi mwenyewe aliniambia kwamba magari ya namna hiyo huyaelekeza kwingine.

Vipuri nilivifuata mwenyewe Shauri Moyo, Ilala, kwenye maduka ya spea za mtumba, nikiwa na maagizo mawili. La kwanza lilikuwa nitafute boneti nyeupe. Kwenye bati dogo lililopigiliwa ndani ya chumba cha injini, rangi ya gari langu imeandikwa 040, nyeupe isiyo na chembe za kumetameta, na Toyota nyingi za miaka ile zilitoka nayo. Muuzaji mmoja alinionyesha boneti ya fedha kwa shilingi 70,000, akashangaa nilipochagua nyeupe ya 100,000. Hesabu ni rahisi: kupaka boneti nzima kungenigharimu zaidi ya tofauti hiyo ya 30,000, na rangi iliyotoka kiwandani Japani hudumu kuliko yoyote itakayopulizwa chini ya mti. La pili lilikuwa nibebe taa iliyovunjika, nisitaje jina la gari peke yake. Corolla za namba hiyo zina sura tofauti kulingana na mwaka na soko. Zilizouzwa Ulaya, kwa mfano, ziliwahi kuwa na taa za duara. Tena kuna taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara, ambazo huelekeza mwanga kwa anayekuja mbele yako, na kwa macho hazitofautiani sana na zetu. Niliyoipata, kutoka gari la Japani, ilikuwa shilingi 45,000 baada ya kuvutana bei.

Bampa hawakuibadilisha. Waliishona kwa nyuma kwa waya na chuma cha moto, kwa shilingi 20,000, na ukipitisha kidole ndani utahisi makovu, lakini nje huoni kitu. Fenda ya kushoto ilinyooshwa pamoja na chuma cha juu kwa shilingi 60,000. Nilikwenda na sumaku ndogo ya mlango wa friji, nikaipitisha kwenye fenda baada ya kazi. Ilishika kila mahali isipokuwa sehemu moja karibu na tairi, yenye ukubwa wa kiganja, ambapo ilishika kwa shida, ishara kwamba puti, ile ya kujazia mabonde ya bati kabla ya rangi, pale ni nene. Nilipouliza, fundi hakubisha. Alikiri kwamba bati lilikuwa limekunjika mno, na kwamba kuendelea kuligonga kungelichana. Nilikubali, ingawa najua kwamba kwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, puti nene ikipasuka, kutu hufuata nyuma yake.

Rangi ndiyo kazi dhaifu ya gereji hii. Vifaa, yaani rangi, thina, puti na msasa, vilikuwa shilingi 60,000, na ufundi 50,000. Rangi ilipulizwa nje, jioni upepo ulipotulia, baada ya kumwagia maji mchanga wa kiwanjani ili vumbi lisinyanyuke. Ukisimama hatua tatu kutoka kwenye gari, unaridhika. Ukikaribia, utaona chembe za vumbi kwenye fenda, na mbu mmoja aliyekufa kwa ajili ya kazi hiyo karibu na indiketa. Saa sita mchana, boneti ya mtumba inaonekana imepauka kidogo ikilinganishwa na fenda, kwa kuwa nyeupe iliyokaa juani zaidi ya miaka ishirini hailingani tena na iliyochanganywa juzi. Kwa gari la kwenda kazini sijali. Kwa gari la rangi ya fedha, ambalo chembe zake lazima zilale sawasawa kwenye kila kipande, ningejali sana.

Nina lalamiko moja zito. Niliahidiwa siku tatu, zikawa nane, na siku niliyokabidhiwa gari nilikuta boneti ikitetemeka nilipofika mwendo wa kilomita sitini. Loki yake haikuwa imekaa sawa baada ya chuma cha juu kunyooshwa, na mtu hakuijaribu barabarani kabla ya kuniita. Boneti inayofunguka kwenye mwendo humfunika dereva macho, kwa hiyo hili si jambo la kupuuza hata kwa bei ndogo. Nilirudi kesho yake, wakailegeza, wakaisogeza na kuikaza tena bila malipo. Fundi mkuu alipanda nami hadi Tabata Relini na kurudi, kisha jioni akapanga mwanga wa taa mpya kwa kuusawazisha na ule wa taa ya kulia kwenye ukuta wa jirani. Yote hayo yalipaswa kufanyika kabla sijalipa.

Shilingi 15,000 zilizobaki katika hesabu ni za kulanti, kimiminika cha kupoozea injini. Bei zote niliambiwa kabla ya kazi, na hazikubadilika. Nilikwenda peke yangu, mwanamke, nikiwa nimejiandaa kubambikiwa, na sikubambikiwa. Risiti hawana, malipo ni taslimu au kwa simu, na Jumapili hawafungui. Wakati wa masika usikubali kupuliziwa rangi pale kwa punguzo lolote watakalokupa.

Mwezi huu nimelirudisha gari kwao kwa ajili ya bushi za mbele. Fenda, puti ikianza kupasuka, nitaipeleka kwa fundi rangi mwenye banda.